Wamakonde wa Kwale hawakuingia Kenya juzi

Kila picha ya mzee wa Kimakonde akiinua kitambulisho inapozunguka mitandaoni, maoni ni yaleyale: serikali imewakaribisha, kabila la 43 limeingia. Maneno hayo yananiudhi. Wazee wao walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930, wengi kwa kazi ya mashamba ya mkonge na miwa. Watoto wao walizaliwa Kwale, Pwani ya Kenya, kabla Kenya haijapata bendera.

Waliachwa na sheria. Tarehe 12 Desemba 1963, raia wa moja kwa moja alikuwa yule aliyezaliwa Kenya na ambaye angalau mzazi mmoja naye alizaliwa Kenya. Aliyezaliwa Kwale mwaka 1945, baba na mama wakiwa wa Msumbiji, hakuhesabiwa. Aliruhusiwa kuomba usajili, lakini ndani ya miaka 2 tu. Kibarua wa shambani asiyejua kusoma angeambiwa na nani? Kisha kuna waliozaliwa baada ya uhuru. Katiba ya mwanzo iliwapa uraia kwa kuzaliwa Kenya, basi. Marekebisho ya mwaka 1985 yakaiondoa haki hiyo, tena yakarudishwa nyuma hadi siku ya uhuru. Kijana wa miaka 20 alilala raia akaamka bila nchi.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikuwa afueni, nakubali. Vifungu vya 15, 16 na 17 viliwafungulia mlango wasio na uraia, wahamiaji waliokuwapo tangu kabla ya uhuru, na wazao wao. Lakini kosa la 1963 likarudiwa: miaka 5 ya kuomba, yenye nyongeza ya miaka 3, na Agosti 2019 muda ukaisha. Mzao aliyetimiza miaka 18 mwaka 2020 alikosea nini? Hakuwa ametimiza umri wakati mlango uko wazi. Ndiyo kasoro ninayotaka wabunge waiangalie machoni, kwa sababu inazalisha watu wasio na nchi kila mwaka bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Tazama inavyofanya kazi nyumbani. Mama anajifungua hospitalini, anapewa taarifa ya kuzaliwa. Anapokwenda kuchukua cheti anaulizwa kitambulisho cha mzazi, hana. Mtoto anasoma, na mitihani ya taifa ikikaribia shule inadai cheti hichohicho. Akifika 18 anaambiwa alete cheti, nakala za vitambulisho vya wazazi na uthibitisho wa chifu. Akikosa kitambulisho, hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui M-Pesa wala akaunti ya benki, na hati ya shamba inaandikwa kwa jina la jirani. Jirani akifa, warithi wake wanalidai shamba. Kwa Wapemba, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, wa Kilifi na Kwale, kabla ya kutambuliwa ilikuwa leseni ya uvuvi: baharini bila karatasi, kila doria ilikuwa hofu.

Matamko ya marais yameokoa watu. Wamakonde walitembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa. Washona 1,670, wenye asili ya Zimbabwe, walipata uraia mwaka 2021, Wapemba wakatambuliwa 2023. Usalama wa mipaka pia ni jambo la haki kuuliza. Lakini haki inayosubiri kabila zima litembee barabarani haimfikii mtu mmoja mmoja, mjane aliye Ramisi, Kwale, asiye na kiongozi wa kumsemea.

Wabunge, ondoeni ukomo wa muda katika vifungu vya 15, 16 na 17. Mzazi akisajiliwa, wanawe wote wasajiliwe katika faili hilohilo, siku hiyohiyo. Na afisa anayekataa ombi aandike sababu, aweke sahihi, ampe mwombaji nakala ya kwenda nayo mahakamani.