Kadi za kuprinti mezani: wachezaji wa Magic Mtwara wanabishania kitu gani hasa?

Ubishi unaowagawa wachezaji wa Magic: The Gathering hapa Mtwara ni mwepesi kuueleza na mgumu kuumaliza. Wapo wanaosema kadi iliyoprintiwa steshenari kwenye karatasi ya manila, ikakatwa kwa mkasi na kutiwa kwenye kifuko chake cha plastiki, ni kadi kama nyingine na ichezwe. Wapo wanaosema mwenye kadi za kuprinti hana kadi, na kumkaribisha mezani ni kuwadharau waliotoa pesa zao. Nacheza na hawa na wale. Naona kila upande umeshika jambo la kweli, ila wote wanagombania karatasi, wakati kinachostahili kulindwa ni uhaba.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ulibuniwa na Richard Garfield, Mmarekani msomi wa hisabati, ukaingia sokoni mwaka 1993 kupitia kampuni ya Wizards of the Coast. Kwenye karata zetu za kopa na shupaza wote tunachanga jozi moja. Hapa kila mtu anakuja na deki yake, aliyoiunda mwenyewe kutoka kwenye kadi zaidi ya 25,000 tofauti zilizokwishatolewa. Deki ya kawaida haipungui kadi 60, na ukiacha ardhi za msingi (ardhi ni kadi zinazotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine), kadi yenye jina moja haizidi nakala nne. Unaanza na uhai 20. Ukifika sifuri umetoka. Kadi zenyewe huuzwa kwenye pakiti zilizofungwa, na kilichomo unakijua ukishachana.

Tatizo letu linaanzia hapo kwenye pakiti. Marekani pakiti ya kadi 14 ni kama dola 5, yaani shilingi elfu kumi na kitu kabla haijavuka bahari, bado nauli ya mzigo mpaka Dar, bado zaidi ya kilomita 500 za basi kuja huku. Ukizunguka kutoka Shangani mpaka Soko Kuu hulikuti duka linaloziuza. Anayepata kadi kwa wingi ni mwenye ndugu nje, au yule ambaye kwao Tandahimba au Newala kuna mikorosho, malipo ya minada yakiingia kuanzia Oktoba anaagiza. Wengine wote wanacheza na mabaki ya hao. Kijana anaweza kuwa na akili kali ya mchezo kuliko wote mezani na bado akapigwa kila wiki kwa sababu ya deki.

Wanaotetea kuprinti wanaanza na hoja hiyo ya haki, na hawako peke yao. Januari 2016 kampuni yenyewe ilitoa msimamo: kwenye mashindano yaliyosajiliwa rasmi kadi lazima ziwe halisi, lakini haina nia ya kuwafuatilia watu wanaojitengenezea kadi za majaribio kwa matumizi yao binafsi yasiyo ya biashara. Ilichokipiga vita ni kadi feki, zile zinazotengenezwa zifanane na halisi ili mtu auziwe. Kisha mwaka 2022, katika kuadhimisha miaka 30 ya mchezo, kampuni hiyohiyo iliuza pakiti nne za kadi 15 kwa dola 999, na kadi hizo hazikuruhusiwa kwenye mashindano rasmi. Wachezaji wengi duniani waliona wameuziwa kadi za kuprinti kwa bei ya dhahabu, na ni vigumu kuwabishia.

Kuna hoja nyingine ambayo haitajwi sana, nami naipa uzito kuliko zote za upande huu. Pwani yetu karata zina jina baya. Mzazi wa Mikindani akimkuta mwanawe chini ya mwembe na wenzake wanne, kadi zimetandazwa mkekani, neno la kwanza litakalomjia ni kamari, na kamari kwake ni haramu, hakuna mjadala. Tunamwambia, "Mzee, hapa hakuna pesa," na tunasema kweli. Lakini kanuni za mwanzo za 1993 zilikuwa na utaratibu wa kila mchezaji kuweka rehani kadi moja ya deki yake, mshindi akaichukua. Utaratibu ule uliachwa. Pakiti iliyofungwa imebaki. Kijana aliyeshinda siku nzima kwenye kibarua cha korosho anatoa pesa yake bila kujua anapata nini, akitumaini kulamba dume. Akikosa, anatafuta pesa ya pakiti nyingine. Nani atamwambia mzee yule kwamba hiki hakifanani na anachokiogopa? Kadi ya kuprinti inaikata kamba hiyo. Unajua unachokitaka, unakiprinti, unacheza, pesa ya chakula inabaki mfukoni.

Sasa upande wa pili. Hoja yao ya sheria haina mchezo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Chini ya kila kadi limeandikwa jina la mchoraji, na picha ile ni kazi ya mikono yake. Sisi tunaoishi mkoa wenye wachongaji wa Kimakonde tusijifanye hatuelewi mtu kuona kazi yake inatolewa kopi bila yeye kuulizwa. Hata hivyo, hapa wanaopinga wanajisahau kidogo: karibu kadi zote zenye nguvu walizonazo wamezinunua mkononi mwa mchezaji mwingine. Kwenye biashara hiyo ya pili, si mchoraji wala kampuni anayeambulia senti.

Hoja kwamba kadi halisi ni akiba siikubali kabisa. Septemba 23, 2024, kamati iliyokuwa ikisimamia Commander, mtindo wa deki ya kadi 100 unaochezwa na watu wanne, ilipiga marufuku kadi nne kwa mpigo, zikiwemo Mana Crypt na Jeweled Lotus zilizokuwa ghali sana. Bei zikaporomoka, watu wakaghadhibika mpaka wajumbe wa kamati wakatishiwa, na ndani ya wiki moja usimamizi ukakabidhiwa kwa kampuni. Tena hapa kwetu unyevu wa bahari unazipinda kadi za kung'aa hata ukiziweka kwenye vifuko. Mwenye akiba anunue bati.

Ila wanaopinga wana hoja moja ambayo wanaotetea hawajaijibu, na inahusu mbinu.

Chukua kadi iitwayo Counterspell. Inagharimu mana mbili za buluu, na kazi yake ni kufuta kadi ya mpinzani kabla haijafanya lolote. Tuseme mji mzima kuna nakala mbili, na wote tunajua ziko kwa nani. Kwenye deki ya kadi 60 yenye zote mbili, uwezekano wa kuwa na angalau moja kwenye kadi saba za kuanzia ni kama asilimia 22. Unamwona jamaa ameacha ardhi mbili za buluu hajazilaza, yaani hajatumia mana yake. Unakumbuka moja ameshaitumia. Unaanza kumpima: nimtupie kiumbe mdogo kwanza kama chambo, aitoe ile ya pili, ndipo nishushe lile jitu langu? Au nisubiri akose mana? Hapo ndipo mchezo ulipo, kwenye kujua kilichopo mjini, kiko kwa nani, na kimebaki kiasi gani.

Ruhusu kuprinti bila mpaka, na kila mwenye buluu ana nne. Uwezekano ule unapanda mpaka karibu asilimia 40, na nyuma yake kuna kadi nyingine za kufuta alizoprinti sambamba. Kumbukumbu ya kilichopo mjini haina kazi tena, kwa sababu mjini sasa kuna kila kitu. Watu wanaingia intaneti, wanachukua orodha ya deki iliyoshinda huko Ulaya au Japani, wanaiprinti kama ilivyo. Meza ya watu watano inakuwa na deki tatu zilezile hadi kadi ya mwisho. Yule aliyekaa miezi akitafuta jinsi ya kushinda kwa kadi alizonazo anapigwa na aliyekwenda steshenari asubuhi.

Sisemi kunakili deki ya bingwa ni uvivu. Kama anayejifunza bao kwa kukaa nyuma ya fundi, unajifunza mengi: kwa nini deki nyingi za kadi 60 hubeba ardhi kama 24, kwa nini kadi za gharama ndogo ziwe nyingi kuliko za gharama kubwa. Lakini uhaba unafundisha kitu ambacho orodha haifundishi. Mwenye kadi chache hulazimika kuisoma kila kadi mara kumi. Ndiye anayegundua kwamba Lightning Bolt, kadi ya daraja la kawaida (zile zinazopatikana kwa wingi kwenye pakiti) tangu 1993, inayotoa madhara matatu kwa mana moja tu nyekundu, inaweza kummaliza mwenye majitu ya bei mbaya kabla hayajashuka.

Kwa hiyo hapa kuna uhaba wa namna mbili. Uhaba wa soko ni ule ambao kampuni iliulinda kwa ahadi mwaka 1996, ilipotaja kadi za zamani ambazo haitazichapa tena ili waliozihifadhi wasipate hasara. Huo hautuhusu Mtwara na haustahili kumnyima mtu kiti. Uhaba wa mezani, ule unaomfanya mtu afikiri, ndio mali yetu, na hauhitaji kampuni wala pesa. Wachezaji wenyewe wanaweza kukaa na kuuwekea kanuni.

Njia ipo na wachezaji wa nchi nyingine wameitumia miaka mingi: sanduku moja la pamoja. Mnachagua kadi 360, kila moja nakala moja tu. Watu wanane wanakaa kwa duara, kila mmoja anapewa mafungu matatu ya kadi 15. Unafungua fungu la kwanza, unachagua kadi moja, fungu unalisukuma kwa jirani wa upande mmoja, unapokea la jirani wa upande wa pili, mpaka ziishe. Mwisho kila mtu ana kadi 45, anateua kati yake, anaongeza ardhi za msingi na kuunda deki ya 40 papo hapo. Counterspell ni moja tu. Uliiona ikipita, ukamwachia aliye kushoto kwako, na sasa unajua utakutana nayo. Hesabu ya kilichopo imerudi, na imekuwa kali zaidi.

Kuprinti sanduku zima ni jambo dogo. Kadi tisa zinaenea karatasi moja ya A4, kwa hiyo 360 ni karatasi 40. Steshenari ikitoza shilingi 1,000 kwa karatasi ya rangi, kila mmoja kati ya wanane anatoa 5,000, chini ya bei ya pakiti moja, na hakuna tena mwenye deki na asiye nayo.

Sanduku lina gharama zake, na wanaolitaka wazikubali. Linaua biashara ya kubadilishana, na kubadilishana ndiko kulikowafanya wengi wetu wazoeane. Mtu wa Ligula anamfuata wa Chuno kwa sababu ya kadi moja, wanakaa saa nzima wakivutana, wanaondoka marafiki. Kadi ya sanduku haina mwenyewe, hakuna wa kuibembeleza. Tena kadi iliyoprintiwa ikiwa nzuri sana inaweza kubadilishwa na ya kweli kwa mgeni asiyejua. Huo ni wizi, na kwenye kundi dogo ambalo wote mnajuana, tukio moja linatosha kulisambaratisha. Ndiyo maana kadi zote za kuprinti ziwe na mgongo mweupe, zilizopigwa muhuri au alama ya kalamu nzito, zisiuzwe na zisibadilishwe kamwe.

Kwa anayeota kushindana rasmi siku moja, Dar au nje, karatasi hazitamsaidia. Huko mwamuzi humpa mtu kadi ya badala hasa pale kadi halisi inapoharibika shindano likiendelea. Huyu lazima akusanye za kweli, na tumwekee mazingira asifilisike. Upo mtindo uitwao Pauper, wa kadi zilizowahi kutoka katika daraja la kawaida pekee, uliotambuliwa rasmi kwa kadi za karatasi mwaka 2019. Deki yake ni nafuu mno ukilinganisha na nyingine, na mbinu zake ni nzito kwelikweli. Hapo Lightning Bolt ni mfalme, na kubadilishana kunaendelea kama zamani.

Wiki moja tuweke jioni ya sanduku, inayofuata jioni ya kadi halisi za daraja la kawaida. Wenye deki nzima za kuprinti waziache nyumbani kwa mazoezi, wasizilete kwenye jioni yoyote kati ya hizo mbili. Na kaka zangu wasiotaka kuona karatasi ya manila mezani, nawaomba wakae kwenye duara la sanduku walau mara moja kabla hawajapiga kura ya hapana.