Pakiti Ikinenepa, Mchezo Unakonda

Binamu yangu alikuwa levo 9. Kwa wasioujua mchezo wa kadi wa Munchkin: unaanza levo 1, wa kwanza kufika 10 ndiye mshindi, na ile levo ya mwisho hainunuliwi kwa dhahabu, sharti uue zimwi. Zamu yake ikafika, akafungua mlango, yaani akafunua kadi ya juu kwenye fungu la Milango, akakuta ua kwenye chungu. Zimwi la levo 1. Yeye na silaha zake zote alikuwa na nguvu 14. Akainuka, akaanza kukusanya vikombe vya chai kama mtu aliyemaliza kazi.

Dada yangu akatupa kadi ya ukale: zimwi hili ni la kale, ongeza 10. Ua likawa 11. Binamu akacheka, akaendelea na vikombe vyake. Mimi nikatupa ya hasira, ongeza 5. Ua likawa 16.

Vikombe vikarudi mezani. Akatuzungukia mmoja mmoja kuomba msaada, akaahidi hazina yote, nani amsaidie mtu akashinde? Mtu mzima na ndevu zake akakimbia maua. Na kadi yenyewe inasema ua hilo hukimbiwa bila hata kurusha dadu, wala halimdhuru mtu, kwa hiyo hakupata hata jeraha la kujitetea nalo.

Mpaka leo tukikutana kwenye msiba au harusi, mtu atamuuliza habari za bustani.

Usiku ule tulikuwa na boksi la kwanza tu, kadi 168 na dadu moja. Steve Jackson wa Marekani aliutoa mchezo huu mwaka 2001, michoro ikiwa ya John Kovalic, na nia ilikuwa kuwadhihaki wale wachezaji wa michezo ya kuigiza ambao wakiingia mapangoni hawana habari na hadithi. Wanataka kupiga teke mlango, kuua kilichomo, kubeba mali na kuondoka. Kadi 168 zilitosha kutugombanisha karibu mwaka mzima. Kisha tukaingia tamaa ya nyongeza, yaani pakiti za kadi za ziada.

Ya kwanza ni Unnatural Axe ya 2002, kadi 112. Mwaka uliofuata ikaja Clerical Errors, na 2006 The Need for Steed. Nasema wazi kwamba majina haya yanatuacha kando kidogo. Yote ni michezo ya maneno ya Kiingereza. La kwanza linafanya shoka lisikike kama matendo machafu, na la pili linamchanganya padri na karani. Ukimweleza shemeji utani wa namna hiyo, mpaka umalize chai imepoa. Sisi tuliishia kutengeneza wa kwetu. Wale viumbe wa msituni wenye masikio marefu, elves, tuliwaita Elfu, bila kufikiri kwamba vitu vinauzwa kwa dhahabu elfu moja ili upande levo. Siku moja dada akatangaza, “Mimi Elfu nauza elfu,” na shemeji akaapa kwamba hapo ameibiwa elfu mbili.

Turudi kwenye hoja. Unnatural Axe ilileta oki (orc), kiumbe mwingine ambaye mchezaji anaweza kuwa, na huyo nampenda. Laana ikimwangukia, anaweza kuikataa kwa kulipa levo moja, alimradi hayuko levo 1. Ni sentensi fupi kwenye kadi, lakini inabadilisha maongezi ya meza nzima. Ukimrushia oki laana hujui kama unamvua kofia au unamshusha ngazi, naye hapo hapo anapiga hesabu kwa sauti, anakutisha, anakubembeleza. Clerical Errors nayo ilileta mwimbaji, ambaye anaweza kutupa kadi, akarusha dadu na kujaribu kukulazimisha umpiganie bila ujira. Nyongeza ninayoiheshimu ni ya namna hii, inayowapa watu sababu mpya ya kutazamana kwa wasiwasi.

Sasa zimiminie hizo mbili kwenye boksi la kwanza kama tulivyofanya sisi. 168, ongeza 112, ongeza 112: kadi 392. Hazishikiki kwa mikono miwili, na aliyepewa kazi ya kuzichanga alizimwaga chini ya kochi mara mbili. Hilo tulilivumilia. Kilichotushinda kilikuwa upinde.

Katika boksi la kwanza kuna upinde wenye utepe, nguvu 4, na anayeruhusiwa kuutumia ni Elfu peke yake, yaani mchezaji mwenye kadi ya Elfu mbele yake. Kwenye kadi 168, ukiushika upinde ule una tumaini la kweli. Elfu atatokea, au yuko mkononi mwa mtu unayeweza kubadilishana naye. Hata fungu likiisha, zilizotupwa huchangwa upya na kurudi mchezoni, kwa hiyo Elfu uliyemwona akitupwa saa moja iliyopita bado anaweza kukujia. Kwenye kadi 392 niliukalia upinde huo tangu saa mbili usiku hadi saa tano, na Elfu hakuonekana. Dada alikuwa na nyundo ya vibeti, kibeti hakuna. Shemeji alikuwa na kofia ya mchawi. Sote watatu tumeshika mali za watu ambao hawajazaliwa, na fungu halikufika hata nusu.

Mbaya zaidi, tukaacha kubashiri. Raha ya usiku ule wa ua ilitokana na kujua. Sote tulijua kadi ya ukale imo, hatukujua iko kwa nani, na binamu alipoanza kukusanya vikombe alikuwa anacheza kamari na sura zetu. Mcheza karata yeyote wa barazani anaielewa hali hiyo. Unahesabu turufu zilizokwishatoka, unamtazama mwenzako jicho. Pakiti ikishanenepa, hakuna wa kuhesabu. Mtu wa levo 9 anafungua mlango, kila mmoja anaangalia kadi zake kama anayeangalia salio, hakuna kitu, haya, umeshinda, hongera.

Kuhusu The Need for Steed najua nitapingwa. Watu wanawapenda wale wanyama wa kupanda, na michoro yao inachekesha kweli. Lakini kanuni za kuvaa katika Munchkin ni kali kwa makusudi: kofia moja, vazi moja la vita, viatu jozi moja, mikono miwili, kitu kikubwa kimoja. Ukipata upanga mzuri zaidi lazima uache kitu. Mnyama hakuachishi kofia wala upanga, anakuja na nguvu zake juu ya ulizokuwa nazo. Mchezaji aliyekuwa akitetemeka mbele ya joka la plutonio, levo 20, sasa analitazama kama mbuzi wa Idi.

Siku hizi nyumbani kwetu kadi zikiingia, nyingine zinatoka. Tukitaka oki, nusu-mtu anakwenda likizo kwenye boksi pamoja na mali zake. Tukitaka mwimbaji, mwizi anapumzika. Tunabaki karibu na zile 168. Ni kazi ya dakika kumi kabla ya kucheza, na mabishano yake ni sehemu ya mchezo. Shemeji anataka kile kibanda cha bustanini kitoke, zimwi la levo 8 ambalo lazima ulikabili peke yako, kwa sababu limemuua mara nne. Tumepiga kura. Kibanda kinabaki, na ua la binamu pia.

Farasi wako juu ya kabati, ndani ya mfuko wa rambo. Mwenye shida nao aniambie.