Modeli ya umeme wa ndege iseme pia ilichoacha

Kwenye Boeing 787, ndege ambazo Kenya Airways na Air Tanzania wanazo, kila injini inazungusha jenereta mbili za kVA 250 (kipimo cha uwezo wa umeme) kila moja. Zinatoa umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo) wa volti 235, na Hz zake (mizunguko kwa sekunde) hupanda na kushuka kufuata kasi ya injini. Kuanzia hapo kazi ni ya vibadilishi umeme: vipo vinavyotoa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya volti 270 chanya na 270 hasi kwa ajili ya mota kubwa, na vingine volti 28 kwa vifaa vidogo. Hata hewa ya abiria inasukumwa na kompresa za umeme, wakati ndege nyingi huichota kwenye injini.

Mfumo kama huu huundwa kwanza kwenye kompyuta kama modeli, yaani mfano wa kuigia, na hapo ndipo nina la kusema. Modeli ya kibadilishi isiyoeleza waziwazi imeacha nini isipokewe, hata kama grafu zake zinapendeza.

Chukua mota inayoendeshwa kielektroniki. Inataka nguvu ileile wakati wote. Tuseme ni kilowati 54 kwenye laini ya volti 540: inavuta ampea 100. Volti zikishuka hadi 500, hita ya kawaida ingevuta mkondo mdogo kuliko mwanzo. Mota hii inapanda hadi ampea 108 ili isipungukiwe nguvu. Mkondo ukipanda, volti zinazidi kushuka, nayo inavuta tena. Kama chujio la koili na kapasita, la kulainisha umeme, halikupangwa vizuri, laini nzima inaanza kuyumba. Kibadilishi kikipimwa peke yake kinafaulu, mota nayo ikipimwa peke yake inafaulu. Tatizo linazaliwa vinapokutana. Aliyeweka rezista, kizuizi cha mkondo kinachotenda kama hita, mahali pa mota kwenye modeli yake hataliona kamwe.

Wapo wanaodhani dawa ni kufuata kila transista, swichi ya kielektroniki ndani ya kibadilishi, inapofunga na kufungua. Sikubaliani nao. Swichi hizo zinapiga maelfu ya mara kwa sekunde, na ukiiga ndege nzima kwa namna hiyo, sekunde chache za safari zinaweza kula saa nyingi za kompyuta. Ukitaka kujua kama mfumo utatulia, modeli ya wastani, inayofuta mipigo ya swichi na kubakiza mwenendo wa volti na mkondo, mara nyingi inatosha. Ila haikwambii mawimbi machafu yanayotokana na mipigo hiyo, na hilo liandikwe ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna programu ya udhibiti. Mwaka 2015 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilitoa agizo kuhusu 787 hiyohiyo: ikikaa na umeme siku 248 mfululizo, vidhibiti vya jenereta vingeweza kujizima kwa pamoja na AC yote kupotea. Kaunta ya programu ilikuwa inajaa. Kasoro ilionekana kwenye majaribio ya maabara. Uigaji wa sekunde kumi usingeigusa. Ndiyo maana nasisitiza programu halisi ijaribiwe, tena kwa muda mrefu.

Watengenezaji wa vibadilishi husema undani wa saketi zao ni siri ya biashara. Sawa, wabaki nazo. Lakini jedwali la impidansi ya upande wa kuingizia umeme, yaani jinsi mkondo unavyoitikia volti zikiyumba, kwa kila kiwango cha mzigo, litoke pamoja na modeli, na anayenunua adai jedwali hilo kabla ya kusaini.