Ndugu Ndiyo, Lakini Nyumba Usinunue

Ijumaa baada ya sala mpwa wangu kanitolea kauli barazani: "Mjomba, Wapalestina wa Lebanon angalau wana bahati, wako kwa Waarabu wenzao." Kahawa ikanipalia.

Bahati! Kambi ya wakimbizi wa Kipalestina ya Shatila, pale Beirut, ipo tangu 1949. Aliyezaliwa humo siku zile sasa ni mzee wa wajukuu, na bado anaitwa mgeni. Vichochoroni nyaya za umeme zimening'inia, zimesokotana na mabomba ya maji, na watu wamekufa kwa kupigwa shoti wakijipitia tu kwenda dukani.

Kazi nazo usiseme. Kijana asome udaktari au sheria, cheti atakipata, kukitumia ndiyo hadithi nyingine. Mwaka 2010 sheria ya kazi ikarekebishwa, ada ya kibali ikafutwa, makofi yakapigwa. Ila Mpalestina aliyeandikishwa mfuko wa hifadhi ya jamii, michango yake inalipwa, akiugua hapati kitu. Ukarimu ulioje.

Kinachonichoma zaidi ni nyumba. Tangu 2001, asiye na uraia wa nchi inayotambuliwa na Lebanon haruhusiwi kumiliki nyumba wala kiwanja. Mfaransa anunue, karibu sana. Mpalestina aliyezaliwa mtaa wa pili, la! Hata aliyekuwa na nyumba yake tangu zamani, akifa wanawe hawairithi. Na sababu wanayotoa wakubwa wa Lebanon inanipandisha mori: eti wakipewa haki wataota mizizi, watasahau kurudi kwao. Yaani mtu anyimwe paa ili akumbuke Haifa, mji wa babu zake! Syria iliwapa haki ya kazi na masomo sawa na raia tangu 1956, bila uraia. Kuna aliyesahau? Jordan iliwapa wengi wao uraia kabisa (waliotoka Gaza 1967 wakaachwa nje, aibu nyingine hiyo), na mpaka leo mtoto wa Amman ukimuuliza kwao wapi, anakutajia kijiji cha babu yake. Haki ya kurejea imo kwenye Azimio 194 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948. Haifutwi na hati ya nyumba.

Haya, nakubali, Lebanon ni nchi ndogo, madaraka yake yamegawanywa kwa mizani ya madhehebu, na vita vya 1975 hadi 1990 viliwaachia makovu. Sawa. Lakini mhandisi akipewa leseni, mizani inapinduka vipi? Hajaomba kura huyo!

Hapo nilikuwa nimeshapaza sauti. Mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kikombe chini. "Na wale wakimbizi wa Nyarugusu, Kigoma, kwetu hapa, wanatoka kambini bila kibali?"

Nikamkumbusha wakimbizi wa Kirundi waliokuja 1972, kwamba mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu 162,000 hivi.

"Sikukuuliza hao," akasema.

Mpwa wangu akainama, anajizuia kucheka.