Mchepuko wa Kwenda Wapi?

Nimeishi Uingereza miaka tisa sasa, na kila nirudipo Dar es Salaam hujikuta nasoma vibao vya barabarani kama mgeni. Safari iliyopita nilikuwa naendesha gari la shemeji yangu kutoka Temeke kwenda Mbagala, nikakuta barabara imefungwa kwa ukarabati na pembeni pamesimikwa kibao chenye neno moja tu, "MCHEPUKO", pamoja na mshale ulioelekea mtaa wa vumbi. Tuuache mzaha ambao neno hilo limekwisha kuuzaa mjini. Kibao hakikueleza kama njia ile ilikuwa ya malori au ya magari yote, wala ilikorudi barabara kuu, na baada ya kona ya pili hapakuwa na mshale mwingine. Nilishusha kioo nikamwuliza kijana wa bodaboda, kama wafanyavyo wote.

"Kivuko" nalo ni neno la kutazamwa. Kwa mkazi wa Dar ni pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni, na vilevile ni mistari ya pundamilia wanapovukia waenda kwa miguu. Ukiandika "Kivuko mbele" bila picha, mgeni ajiandae kwa kipi?

Waingereza hawajalimaliza tatizo hili. Alama zao zilizobuniwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert, zilizoanza kutumika rasmi mwaka 1965, hutegemea picha kuliko maneno, na kwa hilo nawasifu. Lakini penye ujenzi huandikwa "Heavy plant crossing", nami mwaka wangu wa kwanza nilielewa kwamba mmea mzito unavuka barabara, kumbe kwao neno la mmea ndilo pia la mtambo. Lipo pia duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari, lisilo na namba: dereva wa gari dogo anatakiwa awe anajua tayari kwamba kikomo ni maili 60 kwa saa katika barabara isiyogawanywa katikati, na 70 katika iliyogawanywa. Asiyejua hana wa kumwuliza, na faini humfuata nyumbani kwa posta.

Shemeji yangu anasema kwetu kibao si kitu, kwa kuwa watu wa kuuliza wapo. Saa nane za usiku, mvua ya masika ikimwagika, hawapo. Mchepuko ule ulihitaji mshale wa pili na maneno mawili tu: "Kwenda Mbagala".