Muuzaji Akiingia Kundini: Je, Wakusanya Stempu Waruhusu Matangazo ya Mnada?

Mwaka 1895, posta ya Zanzibar ilipotoka kwenye usimamizi wa India, stempu za India zenye sura ya Malkia Victoria zilipigwa chapa ya neno "Zanzibar" ili zitumike visiwani. Chapa haikutoka sawasawa kila mara. Zipo zilizosomeka "Zanzidar", na hizo wakusanyaji huzitafuta sana. Lakini stempu nyingi za India za enzi hiyo ni za kawaida na bei yake ni ndogo, kwa hiyo mghushi hana haja ya kutengeneza stempu. Anatafuta iliyo halali kisha anaigonga neno moja. Kumbaini kunataka watu waliokwisha kuona nyingi, wanaojua umbo la herufi na rangi ya wino, na wanaoangalia kama chapa imekaa juu ya muhuri wa posta wakati ilipaswa kuwa chini yake.

Watu hao hukutana kwenye makundi ya mjadala ya mtandaoni. Je, waruhusiwe kutangaza humo minada yao wenyewe?

Wanaokataa huanza na kero ya matangazo kufunika mazungumzo. eBay, soko la mnada la mtandaoni, ilipoanza mwaka 1995, kila mwenye droo nzima ya stempu aliweza kuwa mnadi, na kundi la stempu kwenye Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya mjadala, likaja kuwa na sehemu mbili, moja ya mazungumzo na nyingine ya soko. Kwangu kero si hoja nzito, maana tangazo unaweza kulipita bila kulisoma. Kinachonitia hofu ni ulimi wa mjuzi anapokuwa na mali sokoni. Jana alisema bila kusita kwamba chapa fulani ni bandia. Leo ananyamaza, kwa sababu mwenye stempu hiyo ni mteja wake. Mgeni naye anaposti bahasha alizoachiwa na babu yake na kuuliza thamani yake, kumbe anayemjibu ndiye anayetaka kuzinunua kwa bei ya kutupwa. Hali hiyo ikizoeleka, hata mjuzi mkweli haaminiki tena.

Hata hivyo, wanaoruhusu wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Minada mikubwa ya stempu hufanyika miji kama London na New York, na mkusanyaji wa Tanga au Mombasa asipodokezwa na wenzake hapati habari. Mnada pia ni elimu: picha huonekana na bei hutangazwa. Stempu ya senti moja ya British Guiana (Guyana ya leo) ya mwaka 1856 iliuzwa karibu dola milioni 9.5 mwaka 2014, kisha takriban milioni 8.3 mwaka 2021. Kwamba hata stempu mashuhuri kiasi hicho inaweza kushuka bei, tumelijua kwa sababu iliuzwa hadharani.

Tena, marufuku haiui biashara. Huisukuma kwenye ujumbe wa faragha, na huko mnunuzi hana wa kumwambia, "Ngoja kwanza, tazama hiyo herufi."

Ndiyo maana naona ruhusa ni bora, ila iwe na mahali pake, na muuzaji aseme waziwazi kwamba mali ni yake. Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba mwanachama yeyote aweze kuihoji stempu mbele ya wote kabla mnada haujafungwa, na muuzaji asiwe na uwezo wa kulifuta swali. Wauzaji watalalamika, na wana sababu: shaka moja inaweza kuangusha bei ya stempu halali, na mshindani mwenye hila anaweza kuitumia makusudi. Kwa hiyo anayehoji naye abanwe. Asiseme "bandia" akaondoka. Aonyeshe ni herufi ipi au wino upi.

Wasimamizi wa kundi ndio mtihani mgumu zaidi. Katika makundi madogo, mjuzi na msimamizi na muuzaji mara nyingi ni mtu mmoja, na kumtoa ni kulipoteza kundi lenyewe. Abaki, auze, lakini stempu yake ikihojiwa, uamuzi autoe mwingine.