Kujishonea wetisuti nyumbani, inalipa au unajichosha bure?

Ukiuliza kama unaweza kujishonea wetisuti, ile nguo ya mpira ya wazamiaji, majibu huwa ni mawili tu, kuna watakaokwambia unatupa hela na kuna watakaosema mbona wazee walijishonea. Mi naona wote wana hoja, ila kila mmoja anaongelea maji yake.

Ni kweli wazee walijishonea. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Berkeley kule California, mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndo alikuja na wazo kwamba si lazima mzamiaji abaki mkavu, kinachotunza joto ni viputo vya gesi vilivyo ndani ya neoprini, yani ule mpira wenyewe wa suti, maji kidogo yakiingia sawa tu mradi yasiwe yanaingia na kutoka. Uingereza miaka ya 1960 wazamiaji walikuwa wananunua neoprini ya shiti, wanakata kwa paterni, wanaunga kwa gundi na kubandika tepu ya njano juu ya mishono, na kuivaa mpaka ujipake poda kwanza maana ndani haikuwa na kitambaa, ukivuta vibaya inachanika.

Na faida kubwa bado ni ileile, inakukaa. Saizi za dukani zimekatwa kwa mwili wa wastani, sasa mwenye mapaja makubwa na kiuno chembamba, na kinamama wengi wako hivo, anabaki na uwazi mgongoni juu ya makalio, maji yanajaa pale na kila akijipinda yanatoka yanaingia mengine ya baridi. Hapo hata suti ya bei mbaya haimsaidii.

Shida inaanza kwenye kitambaa. Kile cha magauni ya kubana kinachoitwa skuba si neoprini, ni poliesta, hakina viputo, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa jina. Halafu mshono. Cherehani ya nyumbani inatoboa mpira upande mpaka upande, kila tundu ni mlango wa maji, viwandani wana mashine ambayo sindano inaingia na kutokea upande uleule bila kutoboa chini. Nyumbani inabidi ukate kingo zikiwa zimenyooka kwa wembe mpya, upake gundi pande zote mbili, usubiri ikauke kiasi kwamba ukigusa hainati, upake tena, ndo ubane kidogo kidogo kwa vidole, kisha ushone kwa mkono ukiishia nusu ya unene. Ni kazi ya siku kadhaa, na mvuke wa ile gundi ni sumu kwelikweli, fanyia nje, usifanyie chumbani wanapolala watoto.

Kwa maji ya pwani yetu, nyuzi joto 25 mpaka 29 hivi, mshono ukivuja utasikia baridi kidogo basi, jaribu tu kwa neoprini ya unene wa milimita 3. Ila maji ya nyuzi joto 10 sikushauri kabisa, maji yanaiba joto la mwili haraka mno kuliko hewa, tena ukishuka mita 10 tu presha inakuwa mara mbili na viputo vinabanwa hadi nusu, yani suti inapungua nguvu pale unapoihitaji zaidi, mshono nao ukiachia huko chini mikono inakufa ganzi na hata kufungua mkanda wa uzito, ule wenye vipande vya risasi vya kukuzamisha, inakuwa kazi. Huko nunua, halafu ujuzi wako wa gundi utumie kupunguza pale mgongoni.

Anayeanza aanze na kizibao kisicho na mikono, kina mishono michache na hakina zipu.